Safari Isiyoulizwa Sababu

Tarehe 5 Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi ya jiji katika makutano ya barabara za Broadway na Colfax, mjini Denver, Marekani. Wengine walikuwa kwenye viti vyao vya magurudumu, wengine wameshuka na kujilaza kwenye lami mbele ya matairi. Usiku ukaingia, wakalala hapo hapo, na kulipokucha walikuwa bado wapo. Walitaka mabasi wanayoweza kuyapanda.

Nyuma yao alikuwepo Wade Blank, mchungaji wa Kipresbiteri aliyewahi kuandamana mjini Selma kudai haki za watu weusi. Baadaye alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akakuta vijana wenye ulemavu wamewekwa humo kana kwamba maisha yao yamekwisha, akawasaidia kuhamia kwenye makazi yao wenyewe. Mchungaji angeweza kuchangisha waumini, akanunua gari, akawapeleka vijana hao kanisani na kliniki. Kwa nini hakuridhika na hilo?

Jibu linaonekana katika sheria ya watu wenye ulemavu iliyotiwa saini nchini Marekani Julai 1990. Chini ya sheria hiyo, penye basi la kawaida lenye njia maalumu, mamlaka ya usafiri lazima iwe pia na gari la kumfuata mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kupanda basi hilo. Uzee peke yake hautoshi. Abiria hupiga simu siku moja kabla, akataja anakotoka, anakokwenda na saa. Nauli isizidi mara mbili ya nauli ya basi, kiwango ambacho kwa maskini bado ni mzigo. Lakini kanuni zake zina sharti moja zito: ni marufuku kumpa abiria mmoja kipaumbele kuliko mwingine kwa kupima sababu ya safari. Anayekwenda kusafishwa figo na anayekwenda kumwona mjukuu wana haki sawa ya kiti.

Wapo watakaopinga, na hoja yao si nyepesi. Magari ni machache, mafuta ni ghali. Si busara mgonjwa atangulie? Huduma nyingine nyingi za wazee na maskini huko huko Marekani hufanya hivyo. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia safari za matibabu, si za harusi wala mazishi.

Hata hivyo, mtu anayefikishwa hospitali tu hugeuzwa mgonjwa wa kudumu. Dada yake akifa, hatamzika. Jirani akioza binti, atasikia ngoma kwa mbali. Anayezipanga sababu za safari za mwenzake amejipa mamlaka juu ya maisha ya mtu huyo, hata kama moyo wake ni mwema.

Dini zimeligusa jambo hili zamani. Sura ya 80 ya Kurani, Abasa, inahusu kipofu, ambaye wafasiri wanamtaja kuwa Abdallah ibn Umm Maktum, aliyemjia Mtume (S.A.W.) wakati akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Aya ziliposhuka, hazikuzungumzia kuyaponya macho yake. Zilipindua mpangilio wa nani wa kusikilizwa kwanza. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, mtu aliyepooza anashindwa kuingia kwa sababu umati umeziba mlango, na wanaombeba wanalazimika kutoboa dari.

Dar es Salaam imeanza kuufungua mlango huo. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, sakafu ya kituo cha njia kuu iko usawa mmoja na sakafu ya basi, na kiti cha magurudumu kinaweza kuingia bila mtu kubebwa mgongoni. Tatizo linabaki kati ya nyumba na kituo: mitaro isiyofunikwa, mchanga, na daladala yenye ngazi ndefu inayoanza kuondoka kabla bibi hajashika bomba. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ndiyo inayotoa leseni za daladala, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ndio unaoshughulikia barabara za mitaa. Ngazi fupi na dereva kusubiri abiria akae vinaweza kuwa masharti ya leseni. Kufunika mitaro ya kuelekea kituoni kunaweza kuingia katika bajeti ijayo ya TARURA. Wazee na watu wenye ulemavu waitwe wakati bajeti hiyo inapangwa, waseme wenyewe njia zipi zianze.