Kioo Kilichopimwa Hakirudi Garini

Mabasi yanayotoka Mwanza kwenda Musoma na Tarime hupita Bunda, yakafika Makutano, pale inapochepuka barabara ya Butiama na Mugumu. Mengi yana maandishi juu ya kioo cha mbele: jina la Mungu, shukrani, dua fupi kwa Kiswahili au Kiarabu. Chini kwenye kona ya kioo hichohicho kuna maandishi mengine, madogo, ambayo abiria hana habari nayo: alama ya kiwanda na, katika vioo vingi, namba 43R, yaani kioo cha aina hiyo kimepimwa kwa Kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari. Juu imani, chini cheti. Yote mawili yanajibu hofu moja ya msafiri.

Kioo hicho kwa kweli ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja, katikati yake utando wa plastiki iitwayo polivinili butirali, usiofika unene wa milimita moja. Lori likirusha jiwe, kioo hupata ufa lakini hakimmwagikii dereva mapajani kama vile vya madirisha ya pembeni, ambavyo huvunjika vikawa punje. Inasimuliwa kwamba mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliipata siri hiyo mwaka 1903 chupa ya maabara ilipomponyoka, ikapasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani yake ulikuwa umekauka utando wa nitrati ya selulosi. Hataza aliichukua mwaka 1909.

Utamu uko kwenye kupima. Kipande cha mraba chenye upande wa milimita 300 huwekwa kwenye fremu, kisha tufe la chuma la gramu 2,260 huangushwa juu yake kutoka mita 4. Tufe lisipenye ndani ya sekunde tano. Vipande hupigwa 12, na kanuni huridhika 11 vikifaulu. (Msomaji wa Injili atatabasamu: hata kundi lile la kwanza la 12 lilivuka na mmoja aliyeanguka.) Vingine huwekwa kwenye joto la nyuzi 100 kwa saa mbili, wapimaji wakitafuta mapovu. Vingine hupoozwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, vikapondwa kwa nyundo, na mpimaji akatazama vigae vingapi vimebaki vimeng'ang'ania utando, kisha akatoa alama kuanzia 0 hadi 10. Mtu angedhani kinachotafutwa ni 10. Sivyo. Utando ukishikana na kioo kupita kiasi haupati nafasi ya kunyumbuka, na kitu kizito hupenya. Ukishikana kidogo mno, vigae huruka machoni mwa watu. Kioo cha mbele kinatakiwa kishike kwa kiasi.

Jambo moja katika kazi hii lingemkosesha usingizi mwanafalsafa. Kioo kilichopigwa na tufe hakirudi garini, huenda jalalani. Kilichomo garini nacho hakijawahi kupigwa na tufe. Abiria wa Bunda anakiamini kioo chake kwa sababu ya yaliyovikuta vioo vingine, vilivyotoka tanuri lilelile kwa mchanga na plastiki ileile. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, alisema wazi kwamba hakuna hoja ya mantiki inayotulazimisha kuamini kuwa kesho itafanana na jana. Tunaamini kwa mazoea tu. Kwa kioo, mazoea hayo yanatosha, maana vioo vya mkupuo mmoja vinafanana, na hakuna anayeomboleza kimoja kikivunjwa kwa ajili ya vingine elfu.

Septemba 5, 2014, mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, wilaya ya Butiama, karibu na daraja, na gari dogo likatumbukia mtoni. Watu zaidi ya 30 walifariki. Kwa mgongano kama ule, ubora wa kioo ni jambo dogo. Hakuna utando wa plastiki unaosimamisha basi. Lakini katika misiba ya namna hiyo, kanisani na msikitini, kuna maneno ambayo hayakosekani: Mungu anatupima. Husemwa kwa nia njema, na mfiwa huyapokea kwa kuinamisha kichwa. Hata hivyo yanastahili kuulizwa swali ambalo mpimaji wa vioo angeuliza papo hapo. Anayepima hupima kwa sababu hajui. Mungu ajuaye yote anatafuta nini?

Swali hilo halikuanza leo. Wanazuoni wa Kiislamu, wakieleza aya zinazowaambia waumini kwamba watatahiniwa kwa hofu, njaa na upungufu wa mali na watu, husema mtihani hauongezi chochote katika elimu ya Mungu. Unadhihirisha kilichokuwa kimefichika ndani ya mja. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alijibu kwa njia iliyo karibu na hiyo: Mungu akipima, ni ili wengine wajue. Jibu la kwanza lina heshima, kwa kuwa anayefaidika na mtihani ni yule aliyetahiniwa mwenyewe. La pili, pamoja na ukubwa wa aliyelisema, linatia wasiwasi. Mtu anayevunjwa ili wengine wajue amefanywa kipande cha maabara.

Kitabu cha Ayubu kinalibeba tatizo hili bila kulificha. Asiyeamini pale ni Shetani, anayesimama kama mwendesha mashtaka na kudai Ayubu ajaribiwe. Shaka ni yake. Wanakufa watoto kumi, wavulana saba na wasichana watatu, na mwisho wa kitabu Ayubu anapata watoto wengine kumi. Wahubiri wengi huishia hapo kwa furaha, kana kwamba hesabu imekaa sawa. Kiwandani ingekaa sawa kabisa: vipande kumi vimevunjika, kumi vimeletwa. Mama yao asingehesabu hivyo. Habari ya Nabii Ibrahimu, ambayo Waislamu huikumbuka kila Idi ya kuchinja na Wakristo huisoma katika Mwanzo, ina uungwana zaidi, kwani kisu kilizuiwa kabla hakijakata.

Wanaotetea lugha ya kupimwa wana hoja moja nzito, nayo pia inapatikana kiwandani. Kabla ya kugandishwa, kioo na utando havipendezi. Ukitazama ng'ambo unaona ukungu. Huingizwa kwenye tanuri la mgandamizo, joto likafika karibu nyuzi 140 na mgandamizo zaidi ya mara kumi ya ule wa hewa ya kawaida, na humo ukungu hutoweka. Moto huo haupimi kitu, unatengeneza. Huenda ndivyo dini zinavyomaanisha zinaposema mateso humsafisha mtu, na wako watu ambao maisha yao yanathibitisha hilo. Ila hoja hii inawafaa waliotoka tanurini wakiwa hai. Kwa waliolala Sabasaba haisemi lolote, na kuitaja kaburini ni kumpa mfiwa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Butiama yenyewe ina mtu anayepimwa sasa hivi. Julius Nyerere, aliyebatizwa Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 1943, na kuzikwa kwao Butiama Oktoba 1999, alianza kuchunguzwa na Jimbo Katoliki la Musoma mwaka 2005 kwa ajili ya kutangazwa mwenyeheri, na huitwa Mtumishi wa Mungu. Wachunguzi wa faili lake hawawezi kukwepa miaka ya 1973 hadi 1976, mamilioni ya Watanzania, wa Mara wakiwemo, walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, wengi kwa nguvu. Ilikuwa nadharia ikipimwa juu ya watu. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Nyerere mwenyewe aliandika makosa ya serikali yake waziwazi. Ni jambo adimu kwa mtawala aliye madarakani, lakini halimrudishii mtu nyumba iliyobomolewa.

Hadi 1983 uchunguzi wa namna hii ulikuwa na afisa aliyeitwa wakili wa shetani, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta ufa. Papa Yohane Paulo wa Pili alibadilisha utaratibu mwaka huo, na sasa mkazo uko kwenye kuyasoma maisha ya mtu huyo mmoja: maandishi yake, ushahidi wa waliomjua, wakiwemo waliopingana naye. Hakuna Nyerere wa pili wa kupigwa tufe badala yake. Tena kwa asiye mfia dini Kanisa hudai muujiza, ambao karibu kila mara ni uponyaji: mgonjwa ambaye madaktari hawawezi kueleza alivyopona. Ushahidi unaotakiwa kuongezwa kwenye faili hilo, basi, ni wa mtu aliyekuwa ameharibika akawa mzima.