SANDUKU LA CHUMA NA UFUNGUO WA MAMA



Leo tunauliza: kitu kikikataa kufunguka, kosa ni la nani?

Parokiani kwetu kuna sanduku la chuma la kuwekea feza, la tangu wakati wa Wabelgiji. Mzee aliyelitunza alipofariki, mjane wake alituletea ufunguo kwa mikono miwili. Ufunguo uliingia, lakini haukuzunguka. Mara maneno yakaanza: «Mama amebadilisha ufunguo.» Na sisi mashemasi tulinyamaza. Mama akaacha kiti chake cha mbele, kisha akaacha kuja ibadani.

Wengine walitaka kukata mlango kwa moto wa gesi. Fundi mzee wa kufuli akakataa, akisema: moto unaokata chuma utachoma karatasi zilizo ndani. Alitufundisha kwamba grisi ya zamani hukauka ikawa kama gundi, na vyuma vinavyofunga mlango vikibana, hata ufunguo wa kweli hauzunguki. Alitia mafuta mepesi, akangoja siku mbili, kisha akausukuma mlango kwa ndani huku akizungusha ufunguo ule ule wa Mama. Ukafunguka.

Ndani tulikuta noti za zaïre ya zamani, ambazo mwaka 1993 zilibadilishwa 3.000.000 kwa nouveau zaïre 1. Leo hazinunui hata chumvi. Chini yake kulikuwa na daftari la washirika na karatasi ya kiwanja cha kanisa. Tuligombania kisicho na bei, na chenye bei tulitaka kukichoma.

Hatusemi kwamba kuvunja ni dhambi sikuzote. Nyumba ikiungua na mtoto yumo ndani, tunavunja mlango. Lakini pasipo hatari, haraka yetu ilitoka wapi? Ilitoka katika kumdhania mtu vibaya. Papa Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921 pasipo mtetezi, akakaa gerezani miaka 30 hadi kufa kwake. Sisi watoto wa aliyehukumiwa hivyo, tunawezaje kumhukumu mjane kwa sababu ya kutu?

Tulikwenda nyumbani kwa Mama, tukapiga magoti, tukaomba msamaha. Alitusamehe. Hata hivyo kiti chake kingali kitupu. Fundi alingoja siku mbili kwa ajili ya chuma. Sisi tungoje zaidi kwa ajili ya moyo, na tuendelee kumtembelea.

Amina.