Daktari Aliyemaliza Zamu na Mlango Unaobishwa Usiku

Tumeletewa suali na kijana mmoja wa mji wetu, aliyesoma udaktari miaka sita katika chuo kikuu, na sasa yumo katika mwaka wake wa mafunzo ya kazi huko bara, upande wa Kakamega. Watu wa magazeti huwaita vijana kama hawa madaktari wanagenzi. Hospitali anayofanyia kazi ni kubwa nayo i mbali kidogo na makazi yake, kwani chumba alichopanga kiko Bukura, mashambani, ambako kodi ni nafuu na mna utulivu. Auliza hivi: daktari aliyekwisha zamu yake akarudi nyumbani kulala, kisha usiku akabishiwa mlango na jirani aliyechukua mgonjwa, je, yampasa kuondoka kitandani? Na asipoondoka, ana dhambi?

Wako waliolisikia suali hili katika darsa yetu wakaona jawabu yake ni nyepesi. Mmoja alisema daktari ni daktari usiku na mchana. Mwingine akasema, kazi ni saa zake, na mwenye duka akisha kufunga duka hafunguliwi kwa nguvu. Sisi hatukubaliani na mmoja wao. Na Maulamaa wa usuli wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe. Kwa hivyo tulimtaka kijana wetu atueleze kwanza siku zake zilivyo.

Yeye huingia wodini asubuhi mapema kabla ya mabingwa kufika, akawatoa wagonjwa damu, akatazama waliolala vibaya, akaandika katika majalada. Mabingwa wakija, huzunguka nao kitanda kwa kitanda, naye huulizwa mbele ya watu, na asiyejua huaibika. Kisha kuna waliolazwa jana, na waliokuja leo, na karatasi zao. Ikiwa ni siku yake ya zamu, hapo jioni wenziwe waendapo makwao yeye hubaki. Usiku huletwa wanawake wenye uchungu wa kuzaa, wengine juu ya pikipiki kutoka ndani ya mashamba ya miwa; huletwa watoto wa malaria waliokwisha damu, weupe viganja; huletwa vijana waliovunjika kwa pikipiki hizo hizo. Na alfajiri ikiingia zamu haijesha, kwa kuwa mabingwa watakuja tena na mzunguko utaanza upya. Atwambia ziko nyakati ambazo huingia alfajiri ya leo akatoka jioni ya kesho. Mara moja alilala ndani ya matatu hata akapitishwa Bukura, akaamshwa na utingo mwisho wa njia. (Ametuuliza pia juu ya Sala inayompita akiwa ndani ya chumba cha kupasulia. Hilo ni suali mbali, na tutalijibu peke yake katika toleo lijalo inshaAllah.)

Ama Bukura, wengi wa wasomaji wetu hawaijui. Ni mahali pa mashamba, na jina lake limejulikana kwa Chuo cha Kilimo, kwani mafunzo ya ukulima yalianzishwa hapo katika miaka ya 1920, zama za Waingereza. Kituo cha afya kipo. Lakini katika mahali kama hapo haipiti juma moja ila kila mtu amejua kwamba katika nyumba ile, mlango wa pili, analala daktari. Na akisha kujulikana, amekwisha.

Tumemuuliza: ni nani hasa wanaokubishia? Akasema, mara moja alikuwa mtoto anayetukutika kwa homa, na lau asingeondoka angekufa. Mara nyingine alikuwa mtu mwenye jipu la siku sita. Na wengine, akasema, ni wale waliokwisha zunguka kwa waganga siku tatu, na usiku wa nne ndipo wanapokumbuka daktari, tena kwa pupa. Tusiwacheke watu wa Bukura kwa hili. Sisi wa pwani, wenye misikiti kila mtaa, ni wangapi kati yetu waliomnywesha kombe mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, wakamfunga hirizi, wakampunga, hata alipolegea shingo ndipo wakaita gari? Daktari hulaumiwa kuwa mtoto alikufa mikononi mwake, na mganga hapatikani kuulizwa.

Sasa tuingie katika sharia. Daktari wa hospitali ya serikali ni mtu aliyejikodisha, na mafakihi humwita ajiri khasi, yaani aliyeuza muda wake kwa mwajiri mmoja. Muda ule si wake. Haimfai kuutumia kwa zahanati yake binafsi, kama wafanyavyo baadhi ya wakubwa, wala kuulala. Lakini muda usiouzwa ni wake, na hapana mtu awezaye kuuchukua kwa kudai tu kwamba yeye ni jirani. Mwajua kisa cha Salman na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awe radhi nao: huyu alikuwa akisimama usiku kucha katika ibada na mchana akifunga, na Salman akamzuia, akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Tazameni basi. Kilichozuiliwa pale kula haki ya mwili kilikuwa ni ibada! Vipi jipu la siku sita?

Kwa hivyo twamwambia kijana wetu: ukibishiwa mlango na mtu ambaye maradhi yake yaweza kungoja asubuhi, waweza kumwambia kwa upole aende kituoni kukicha, ukafunga mlango ukalala, na huna dhambi. Na usingizi wako huo una ujira, kwa kuwa kesho utashika kisu juu ya mtu mwingine.

Lakini ikiwa roho i hatarini, na hapo Bukura usiku ule hapana mwingine ila wewe, basi ondoka, wala usiulize zamu. Hili haliingii katika mlango wa kukodisha kabisa. Ni mlango wa kumwokoa mwenye kuzama, na mafakihi wamesema mwenye kusali humpasa kuikata Sala yake akamwokoe mtu anayezama akiwa aweza. Ikiwa Sala hukatwa, usingizi ni nini? Na utajuaje kama ni roho au ni jipu mpaka ufungue mlango utazame? Basi kutazama kwa jicho, hilo lakupasa. Na tumeliona hili kuwa ndilo zito katika jawabu yetu, kwani anayefungua mlango amekwisha amka.

Liko sharti moja ambalo watu hawalifikiri. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, na Maulamaa wakaongeza juu yake njaa kali, na usingizi unaomlemea, kwa kuwa sababu ni moja: akili imeshughulishwa. Kadhi akikosea kwa usingizi mali hupotea, na huweza kurudishwa. Daktari akikosea kwa usingizi hapana kinachorudi. Kwa hivyo aliyekaa macho siku mbili asijitwike tiba ya hatari kwa kuona haya mbele ya majirani. Afanye lile dogo asilokosea, kuzuia damu, kuulaza mwili upande, kisha amsukume mgonjwa njiani kwenda hospitali. Wenzetu wa Marekani walifika hapa kwa maumivu. Mwaka 1984 alikufa binti wa miaka 18, Libby Zion, katika hospitali moja ya New York, akitibiwa na madaktari wanagenzi waliokuwa kazini saa nyingi mfululizo. Babake hakunyamaza, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kanuni kwamba daktari wa mafunzo asizidishe saa 80 kwa juma. Nchi nzima ilifuata mwaka 2003. Na saa 80 bado ni nyingi, kwa maoni yetu.

Ajabu ni kwamba jambo hili kwetu si geni. Katika hospitali ya Adud al-Daula iliyofunguliwa Baghdad mwaka 982, alikuwako tabibu Jibril bin Ubaydullah wa nyumba ya Bukhtishu, naye ni Mkristo. Waandishi wa tarikh za matabibu wamesema zamu yake ilikuwa siku mbili na usiku wake kwa juma, na mshahara wake ulikuwa maalumu. Waislamu wa miaka elfu iliyopita walimpa tabibu asiyekuwa wa dini yao zamu yenye mwanzo na mwisho. Hospitali ya Nuru-Din ya Damascus, 1154, na ile ya Sultani Qalawun ya Cairo, 1284, zilisimama kwa mali ya wakfu, na katika wakfu huo walilipwa watu wa kazi.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wasomaji wetu, kwani kijana ameuliza juu ya dhambi yake, na sisi twaona ametafuta dhambi mahali pasipo penyewe. Utabibu ni fardhi kifaya. Maana yake si kwamba ni jambo la hiari. Maana yake ni kwamba umma mzima unadaiwa, na wakitokea wa kutosha kulifanya, deni huwatoka wote. Wasipotosha, wote wana dhambi, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Sasa daktari mmoja akiwa peke yake mbele ya mgonjwa usiku, fardhi ile humgeukia ikawa fardhi ayni, yaani yake yeye tu. Ataondoka kitandani naye atalipa. Lakini alilipa deni la nani? Deni la watu elfu waliolala. Imam Ghazali alilalamika katika Ihya, na sasa ni zaidi ya miaka mia tisa, kuwa miji ya Waislamu haina matabibu ila watu wa dini nyingine, ilhali watu wasongamana katika elimu ya fikihi na ubishi wake. Lau angepita mitaa yetu leo angekuta ubishi uko vile vile. Twaweza kujaza ua kwa watu mia tatu wa kula pilau ya arusi siku tatu, na mtoto wa maskini mwenye akili ya hesabu akakosa karo ya kidato cha nne.

Na ujira je? Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Serikali ya Kenya na chama cha madaktari walikubaliana mwaka 2017, baada ya mgomo wa siku 100, na daktari mwanagenzi akawekewa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema haina uwezo, itatoa 70,000. Wakagoma madaktari siku 56, kuanzia Machi hata Mei, na mpaka mwisho wa mwaka ule ndipo serikali ilipokubali kuyarudia mapatano ya 2017. Hatusemi kwamba kila mgomo ni halali. Unaouacha mlango wa dharura mtupu, bila mtu wa kuzuia damu, hatuna dalili ya kuuhalalisha. Lakini mwenye kuvunja ahadi ndiye aliyeanza, na dhambi yake hutangulia.

Katika mwaka huo huo wa 2024 Kenya ilizika madaktari wanagenzi waliokufa kwa mikono yao wenyewe, na wenzi wao wakataja wazi saa nyingi za kazi na mishahara isiyokuja. Kujiua ni haramu, hilo hapana asiyelijua, na hatuna haja ya kulipigia kelele juu ya makaburi yao. Amri ya roho iliyochoka hata ikapoteza njia iko kwa Mwenyezi Mungu, naye ndiye ajuaye akili ilikuwa wapi saa ile. Lililo mikononi mwetu ni kumuuliza kijana wetu, kila juma, kwa simu, kama amelala.

Ndugu zetu wa Mumias hawako mbali na Bukura. Uislamu uliingia kwao katika zama za Nabongo Mumia pamoja na wafanya biashara waliotoka huku kwetu pwani, na jamaa hii haijakatika. Tumewaandikia rai moja nao wameipokea vyema: mfuko mdogo wa kumlipa mwenye pikipiki au gari atakayekubali kuamshwa usiku na kumpeleka mgonjwa hospitalini moja kwa moja, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Mtoto anayetukutika apata faida zaidi kwa gari kuliko kwa daktari aliyelala, asiye na dawa wala sindano chumbani mwake. Darsa yetu itatoa sehemu yake, na atakayeongeza amlete mweka hazina baada ya Sala ya Ijumaa.

Limebaki suali lake la mwisho, nalo ni la kuku. Huko Bukura kuku ni heshima kubwa kwa mgeni, na aliyetibiwa mtoto wake usiku huja siku ya pili na jogoo mkononi. Je, ni halali? Mtume (S.A.W.) alimkemea mtumishi aliyetumwa kukusanya Zaka akarudi na zawadi akasema hizi zangu, kwa hivyo kilicholetwa hospitalini kwa kazi ya hospitali kirudishwe, hata kama ni yai. Lakini kazi ya usiku ule haikuwa ya mwajiri, na saa ile ilikuwa yake. Jogoo wa Bukura, akiletwa nyumbani baada ya mtoto kupona na bila ya kuombwa, ni wake. Amchinje mwenyewe, na nusu ampelekee jirani.