Mabati ya Mwenye Bangi

Ndugu zangu Waislamu, tumeletewa suali kutoka nchi ya chai, baina ya Kericho na Bomet, nasi hatukuona vyema kulijibu faraghani, kwa kuwa jawabu lake latugusa sisi watu wa pwani pia.

Muulizaji ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Huko mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mara nyingine hushuka mvua ya mawe ikaharibu majani ya chai. Paa la chuo chake limetoboka, na watoto hujibanza pembeni, misahafu wameikumbatia isirowe. Amemjia mtu mmoja akamwambia: "Maalim, mabati yote nitanunua mimi." Mtu huyu alikuwa mkuu wa vijana waliopewa mishale na posho wakati wa fujo za uchaguzi. Leo vijana wale wale humpitishia magunia ya bangi usiku. Mwalimu auliza: Je, nipokee?

Tutazame kwanza mtu huyu ametoka wapi, kwani hakuota kama uyoga. Mwaka 1991 na 1992, siasa ya vyama vingi iliporudi, vijana walitumwa kuwafukuza majirani wa makabila mengine katika Bonde la Ufa, na Kericho ilikuwa miongoni mwa mahali palipoungua. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 mambo yakarejea: wachumaji wa chai wakavamiwa katika nyumba za mashamba yenyewe, kwa kosa la kabila tu. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, na ya Jaji Waki ya mwaka 2008, zote mbili ziliona mkono wa wanasiasa. Kisha wakubwa wakapatana, wakapeana mikono mbele ya wapiga picha. Lakini yule kijana aliyekwisha kuonja kwamba usiku mmoja wa vitisho una ujira kuliko kutwa ya kuchuma chai, ni nani aliyemwita akamrudisha kwenye kikapu? Aliachwa njiani na kundi lake, na wenzake wangali wamtii.

Wala si huko peke yake. Mungiki, kundi ambalo wanasiasa walishalitumia na serikali ikalipiga marufuku mwaka 2002, lilipigana Mathare, Nairobi, Novemba 2006, likitaka ushuru mkubwa zaidi kwa wapika chang'aa. Na huko Kolombia wanamgambo zaidi ya 30,000 walihesabiwa kuwa wameweka silaha baina ya mwaka 2003 na 2006. Baadhi ya makapteni wao wakakusanyana upya, wakashika biashara ya kokeni. Mmoja wao, aitwaye Otoniel, alikamatwa Oktoba 2021, na mwaka 2023 mahakama ya New York ikamhukumu miaka 45. Jeshi la mwanasiasa halifi kwa kutiwa sahihi karatasi. Hubadilisha tajiri.

Sasa jawabu. Asipokee. Najua mvua yanyesha, na najua ni rahisi kwangu niliyekaa pakavu kusema hivi. Lakini mtu yule hatoi mabati; anunua ulimi wa mwalimu. Siku paa litakapokamilika, ni nani atakayesimama chini yake awaambie watoto kwamba bangi ni haramu, na huku kaka zao ndio wachukuzi?

Mtu atasema: Imamu Ghazali ameandika kwamba mali ya haramu, ikiwa mwenyewe hajulikani, hupewa maskini. Kweli. Lakini hayo ni ya aliyetubu atakaye kujitoa katika mali hiyo, si ya anayeendelea kuichuma. Na huyu wenyewe awajua: nyumba zilizochomwa zina majina. Mlango wa toba u wazi kwake, ila hauanzii chuoni. Waanzia kwa jirani aliyemfukuza.

Na msomaji wa Mombasa asijione mbali. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walipelekwa Marekani Januari 2017 kwa biashara ya dawa za kulevya, wakahukumiwa mmoja miaka 25, mwingine 23. Unga wapita mitaani petu, na watoto wetu walala barazani macho yamefumba mchana. Ni harusi ngapi tumekula pilau ya muuza unga, tukamwombea dua ndefu kuliko ya mvuvi?

Tumemwandikia mwalimu asingoje. Chuo chahitaji mabati arubaini. Jamaa wa darsa letu wametoa kumi na saba, mengi yao kutoka kwa wauza samaki na mafundi cherehani. Mwenye kuweza na alete lake baada ya sala ya Alasiri, siku ya darsa, kabla ya mvua za masika.