Uso wa Barazani na Uso wa Nyumbani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa nafsi moja, akatia baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mji wa Unguja hakuna mahala paonyeshapo adabu za mtu kama barazani. Baada ya sala ya laasiri wanaume hukaa juu ya baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba, Malindi, Mkunazini, Kiponda na Sokomuhogo. Kahawa hupita kwa vikombe vidogo, na kila apitaye huamkiwa. Hapo mtu huwa mpole. Akikanyagwa mguu husema, "Haidhuru." Akimwagiwa kahawa juu ya kanzu yake nyeupe hucheka, akamtuliza aliyemwaga asifadhaike. Mwenziwe akikosea neno humsitiri. Mzee akipita humwinukia na kumpisha. Watu husema: fulani ni muungwana.

Kisha huadhiniwa magharibi. Mtu huyo husali, hurejea kwake, na mara akivuka kizingiti cha mlango uso wake hugeuka. Salamu haitoki. Akiulizwa jambo hujibu kwa neno moja. Mtoto aliyekuwa akicheza ukumbini hukimbilia jikoni, na sauti zilizokuwa zikisikilikana hunyamaza. Kanzu ikikutwa ina kikunjo, ni makelele. Kikombe kikivunjika, ni matusi. Basi yapasa kuulizwa: mtu huyu uungwana wake ni wa wapi, ikiwa waliomsikia akisema "Haidhuru" ni wageni tu?

Na itazamwe siku moja katika siku za nyumba. Mume amerejea adhuhuri, jua kali, akaandaliwa sinia ya wali wa nazi na mchuzi wa changu. Akatia tonge la kwanza kinywani, akaona chumvi imezidi. Akaisukuma sinia, akasema, "Leo mmepika kwa maji ya bahari?" Akavaa viatu vyake akaenda kula mkahawani.

Tonge lile alilihukumu kwa muda wa kupepesa jicho. Lakini kabla halijafika mkononi mwake, mtu aliamka alfajiri akajaza ndoo na mitungi, kwa kuwa maji ya mfereji hayana saa. Akachagua mchele akatoa chuya na mawe. Akawasha makaa, akapepea hata macho yakawa mekundu. Akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi. Akakamua tui la kwanza akaliweka kando, akakamua la pili. Akapara samaki, akautia wali motoni, akaupalia makaa. Na katikati ya hayo mtoto mmoja analia, wa pili amerudi chuoni ana homa, na mama mkwe ghorofani anaita ataka maji ya kutawadha. Chumvi ilitiwa mara mbili kwa sababu mpishi aliitwa mara mbili. Lau mume angaliuliza, angalijua. Hakuuliza.

Wanaume wengi wakiambiwa haya hujibu: "Kupika ni kazi yake. Kazi ya mume ni kuleta." Neno hili husemwa kwa yakini kubwa, kana kwamba ndilo lililoandikwa katika vitabu vya sheria. Basi na vifunguliwe vitabu.

Waislamu walio wengi wa pwani hii hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika vitabu vinavyotegemewa na wanavyuoni wa madhehebu hayo ni Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277 wa Miladi. Katika mlango wa masurufu ya mke, hukumu iliyomo ni hii: mume mwenye wasaa humpa mkewe nafaka ya chakula kila siku mudi mbili, mnyonge mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu. Na si kumpa nafaka tu, bali juu ya mume vilevile ni gharama ya kuisaga na kuioka. Juu yake pia ni kitoweo, na nguo, na makazi, na vyombo vya kupikia na vya kulia. Na ikiwa mke ametoka katika watu waliozoea kutumikiwa, basi na mtumishi. Ama mke kumpikia mume, na kumfulia, na kumfagilia, katika madhehebu hayo si jambo linalomlazimu kwa sababu ya nikaha. Akilifanya amefanya ihsani.

Wapo wanavyuoni wengine, kama Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, waliosema kuwa utumishi wa nyumba wampasa mke kwa kadiri ya desturi ya watu walio mfano wake. Kauli hiyo nayo ina hoja zake. Lakini hata kwa kauli hiyo, mtu kupasiwa na kazi si ruhusa ya kutukanwa anapoikosea.

Wala yasifahamike haya kuwa mafiga yazimwe na wake wakae. Nyumba haisimami kwa kudaiana, na wanawake wa Unguja hawakupata kuhitaji fatwa ili wapike. Linalotakiwa ni mume ajue jina la kitu anachopokea. Apokeaye deni huhesabu. Apokeaye hidaya hushukuru. Jirani akileta kisahani cha halua siku ya sikukuu, hata kama imeshika moto kidogo, husemwa, "Ahsante, Mungu akuzidishie," na kisahani hakirudishwi kitupu. Basi itakuwaje kwa yule aletewaye hidaya asubuhi, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, na siku atakayofumbua kinywa ni ile ya chumvi?

Mwenye kutaka kiigizo hana haja ya kwenda mbali. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, aliulizwa Bwana Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, hata ukiingia wakati wa sala akatoka kwenda kusali. Imepokewa pia kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake kwa mkono wake. Na Abu Huraira amepokea kuwa Bwana Mtume hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Huyo ndiye aliyekuwa akiendesha majeshi na kupokea wajumbe wa makabila, na shughuli hizo hazikumfanya aone kiatu kilichokatika kuwa ni kazi ya mtu mwingine.

Na katika mapokezi ya Anas imo khabari ya bakuli. Bwana Mtume alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na watu wapo, pakaletwa bakuli ya chakula kutoka kwa mke mwingine. Mwenye nyumba akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa aliyeileta, bakuli ikaanguka ikavunjika. Basi na apime kila mtu moyoni mwake: lau jambo hilo lingalikuwa nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, angalisema nini? Bwana Mtume aliinama, akakusanya vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwapo kuwa mama yao ameona wivu. Kisha akatwaa bakuli nzima ya nyumba ile akampelekea yule aliyevunjiwa yake, na iliyovunjika akaiacha kwa aliyeivunja. Aliyedhulumiwa alipata haki yake kamili, na aliyekosa hakufedheheshwa. Upole wake haukuwa udhaifu, wala uadilifu wake haukuwa makelele.

Ni kweli, na haifai kufichwa, kuwa mwanamume naye hurejea na mzigo. Aliyekwenda soko la Darajani na fedha za nguru akarudi na dagaa, aliyesimamishwa na mwenye duka kwa deni la mwezi uliopita, aliyeonewa kazini na mkubwa wake, huyo moyo wake umejaa. Lakini na ajiulize: kwa nini hakumtolea yule mwenye duka maneno ambayo amemtolea mkewe? Kwa sababu mwenye duka ataweza kumnyima, na mkubwa ataweza kumfukuza. Hasira yake basi haikumshinda. Aliiweza njia nzima, akaichukua hata akafika nayo kwa yule ambaye hawezi kumfanya neno. Huo si ukali. Huo ni woga.

Dhiki ya wote haifichi tabia ya mtu, huionyesha. Watu wa Unguja wanalo la kukumbuka. Tarehe 10 Desemba 2009, mwezi wa Mfungo Tatu mwaka 1430, umeme uletwao kisiwani kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari ulikatika, haukurejea ila mwezi wa Machi 2010. Maulidi ya Mfungo Sita yalifika giza lingalipo. Mji uliokuwa na maji ya mifereji ya Chemchem tangu enzi ya Sayyid Barghash (1870–1888) ukarudi visimani, maana pampu za maji huendeshwa kwa umeme. Wanawake na watoto walipanga safu na ndoo zao, na joto la Kaskazi likawa halina feni. Taabu ilikuwa moja kwa nyumba zote, lakini nyumba hazikuwa moja. Mume aliyeshika ndoo akapanda nayo ngazi alijua siku ile maji yana uzito gani. Na mume aliyekaa barazani akiwalaumu wenye umeme, kisha akaingia ndani akauliza kwa nini maji yake ya kuoga hayajawekwa, hakujua kitu, ijapokuwa giza lile lilikaa miezi mitatu.

Na khatari kubwa kuliko zote ni ulimi ukifika kwenye talaka. Wako watu waliozoea kutisha nalo neno hili kama mtu atishaye mtoto kwa bakora: "Ukivuka mlango huu umeachika." "Ukisema neno la pili, huna mume." Wanadhani ni maneno ya hasira, yatapoa pamoja na chai. Lakini katika madhehebu ya Shafi talaka iliyofungamanishwa na sharti hupita sharti likitimia. Na hasira haiizuii, maadamu akili ingalipo. Na imepokewa kwa Bwana Mtume kuwa katika talaka mzaha wake ni kweli. Basi mke akiitwa na mauti ya mzazi wake akavuka mlango ule, imekwisha pita. Usiku wake mume huonekana akibisha hodi kwa mashekhe mmoja baada ya mmoja, akitafuta atakayemwambia kuwa haikupita, na huku sanduku la mke limekwisha chukuliwa Ng'ambo kwa wazee wake, na watoto wanauliza mama yu wapi. Yote hayo asili yake ni wali na chumvi. Mwenyezi Mungu ameweka talaka iwe mlango wa kutokea kwa wema, pale wema wa kukaa umekosekana. Hakuiweka iwe fimbo.

Huenda mtu akasema: "Na wake nao wana makosa yao, wana ulimi, wana ufujaji, hawana shukrani." Wapo, na wao nao wataulizwa. Lakini mume hataulizwa makosa ya mkewe; ataulizwa yake. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 19, amewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema, akawatanabahisha kuwa huenda wakachukia kitu naye ametia ndani yake kheri nyingi. Na Bwana Mtume amefundisha kuwa muumini akichukizwa na tabia moja ya mkewe ataridhishwa na nyingine. Mwenye macho ya kuhesabu ila na awe nayo ya kuhesabu fadhila, la sivyo hesabu yake ni ya mwizi.

Basi yapasa kwa mwenye nyumba mambo machache, wala hayana gharama. Akifika mlangoni atoe salamu kabla ya kuuliza chochote. Chakula akikipenda ashukuru kwa ulimi, asipokipenda anyamaze. Ndoo ikiwa nzito aichukue, na kiatu chake akishone. Akighadhibika atawadhe, na akiwa amesimama akae. Neno la talaka alitoe katika mizaha yake na katika hasira zake lisionekane tena. Na fedha zikipungua amwambie mkewe kweli, kwani anayejua shida huivumilia, na asiyeambiwa huidhania ubakhili.

Bwana Mtume amesema kuwa mbora wa watu ni aliye mbora kwa watu wa nyumba yake. Hakusema ni mbora wa barazani. Siku mtu atakapobebwa kupelekwa makaburini, barazani patasemwa, "Alikuwa muungwana," kisha kahawa itapita. Ushahidi ulio mzito ni wa yule aliyebaki ndani akikaa eda, ajuaye uso wake ulikuwaje mlango ulipofungwa.

Mwenyezi Mungu awape waume wa Kiislamu ndimi laini ndani ya nyumba zao, awape wake zao subira na shukrani, awakuze watoto wao baina ya watu wanaohurumiana, na awaghufirie walio hai na waliotangulia.

Amin. Wal-hamdu lillahi Rabbil-alamin.