Nasikia si utasikia

Kiswahili kimetutegea mtego katika kitenzi kimoja. Tunasikia redio, lakini pia tunasikia njaa, baridi na uchungu. Neno lilelile linabeba kinachoingia sikioni na kinachotokea ndani ya mtu. Siku nyingi hakuna tabu. Ila mtu akikuuzia kifaa cha muziki kwa neno hilo, inabidi umuulize: kusikia kupi?

Mjomba wangu, mstaafu, anaishi Isevya, hapa Tabora. Ana amplifaya ya zamani, spika mbili za mbao, na simu iliyojaa nyimbo za Tabora Jazz na Kiko Kids, bendi za mji wake. Mwaka jana alinunua kijisanduku ambacho wauzaji wanakiita DAC. Kazi yake si ngumu kueleza. Wimbo ndani ya simu ni namba tupu. Kijisanduku kinazigeuza namba kuwa umeme, amplifaya inaukuza, spika zinautoa kama sauti. Simu nayo ina kigeuzi chake ndani. Swali ni kama hiki cha nje, cha hela nyingi, kinaleta sauti nyingine.

Mjomba alikuwa na jibu. "Gitaa la solo sasa limejitenga na ridhimu, mpwa wangu. Zamani yalikuwa yamebanana." Na muuzaji alikuwa ameshaanza kumshawishi apande daraja, anunue kingine ambacho bei yake inazidi pensheni yake ya mwezi. "Ukikizoea," alimwambia, "utasikia."

Hisabati haiko upande wa muuzaji. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde. Ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaoutaka, unaweza kulirudisha wimbi kama lilivyokuwa. Na sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mzee huishia chini ya hapo. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha matokeo ya jaribio: walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko sidii, wakazipitisha kwenye mashine inayozigeuza kuwa namba za kiwango cha sidii na kuzirudisha kuwa sauti, kisha wakawauliza wasikilizaji ni wakati gani mashine ile imo njiani. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ungerusha shilingi ungepata karibu hayohayo.

Hii haimaanishi vigeuzi vyote ni sawa. Kibovu huvuma, hukwaruza, huingiza kelele za chaja. Halafu kuna ujanja wa ukubwa wa sauti: kinachotoa sauti kubwa kidogo tu kuliko mwenzake, sikio halisemi "kikubwa", linasema "kizuri".

Kwa hiyo tulimwita fundi redio wa jirani, akasawazisha sauti ya simu na ya kijisanduku kwa mita yake, akaweka swichi. Mjomba akaa kwa kutupa mgongo. Mara 16, sarafu ikiamua. Akapatia mara 9. Mtu mmoja, jioni moja, si utafiti. Lakini aliguna: "Sasa mbona nilikuwa nasikia?"

Alikuwa anasikia, na sidhani alidanganya. Mtu aliyelipa, akakaa vizuri, akazima televisheni na kutega sikio, anasikia kweli zaidi ya jana. Gitaa lile lilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni namna ya kulisikiliza. "Nasikia" ni ushuhuda wa mtu juu yake mwenyewe, na adabu inataka tuuheshimu. "Utasikia" ni ahadi inayomfunga mwingine, nayo ina bei. Ahadi yenye bei inadai kupimwa.

Wazee wa njia hii walilijua hilo. Karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilibeba ushanga wa aina nyingi, kila aina na jina lake, na kila nchi na chaguo lake. Ukifika na rangi isiyotakiwa, chakula hupati. Tofauti ile ilikuwa ya mtindo tu, lakini pande zote mbili ziliiona mchana kweupe, na hasara ilibaki kwa aliyeleta mzigo. Muuzaji wa vigeuzi ameigeuza biashara hiyo: usiposikia, kosa ni la sikio lako.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna tofauti isiyobishaniwa, na hela haiendi huko. Nyimbo nyingi za zamani zilizomo kwenye simu zetu ni nakala ya nakala: kutoka redioni hadi kaseti, kaseti hadi kompyuta, kisha zikabanwa ili zitoshee kwenye kadi. Kilichopotea njiani hakirudishwi na kijisanduku chochote. Nakala safi ya "Dada Asha", iliyotolewa kwenye utepe wenyewe na fundi makini, ingesikika tofauti hata kwenye spika ya bajaji, na usingehitaji kufumba macho ili kuhakikisha.

Mjomba bado anatumia kijisanduku chake, na sina ugomvi nacho. Kile cha pili alimwambia muuzaji atakinunua kwa sharti moja: asikilize vyote viwili bila kujua kipi ni kipi. Muuzaji hajapiga simu tena.