Mlango Ulio Wazi kwa Wote

Yafaa tuulize: chanjo ikitolewa bure kwa kila aitakaye, je, haki imekwisha kutimia?

Katika maradhi ya UVIKO-19 mataifa tajiri yalitangulia kujinunulia chanjo, na nchi maskini zikangoja. Wengi katika Afrika walilalamika, nao walikuwa na haki. Dozi za kwanza zilizofika Tanzania kwa njia ya mpango wa COVAX, zaidi ya 1,000,000, zilikuja mwezi wa Julai 2021. Na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu.

Lakini lawama ile yaweza kutugeukia. Mtu wa Singida mjini hospitali i karibu naye. Mhadzabe wa Munguli, katika wilaya ya Mkalama, njia yake ni ndefu. Chanjo ikikaa mjini kungoja watu, twamtenda yeye kama wenye mali walivyotutenda sisi.

Basi vikundi vya akina mama, vya vijana na vya sharika vina kazi. Yavipasa kujua ni nani hakufika, na kwa sababu gani. Aliyezuiwa na umbali, na apelekewe. Aliyezuiwa na hofu, na asikilizwe kwanza, kisha ajibiwe kweli. Wala asishurutishwe, maana chanjo ile ilikuwa ya hiari.

Mlango kuwa wazi ni mwanzo wa haki tu. Ugonjwa mwingine ukija, hesabu yetu na ianzie kwa yule akaaye mbali.